Seri tunazoangalia, na watu wenye walijua wakanyamaza

Wandugu, tuseme ukweli. Leo ukikuta watu wenye wamemaliza masomo wamekaa mahali, baada ya siasa na mpira mazungumzo yanaingia kwenye maseri tu. Nani ameshamaliza msimu gani, nani anaziba masikio juu bado hajafika mwisho. Wazee wanasema tunapoteza wakati, na kwa seri nyingi wana haki. Lakini katika miezi hii nimeangalia tatu kwa intaneti, na kuna jambo moja lilikuwa linarudi. Katika zote tatu, kabla ya watu kuumia, kuna mtu mwenye alijua. Mara nyingi ni mtu wa masomo. Alijua, akafunga kinywa.

Tatu zenyewe ni Squid Game ya Korea ya Kusini, Chernobyl iliyotengenezwa na Wamarekani na Waingereza, na Country Queen ya Kenya. Hakuna hata moja iliyotoka juzi. Ila kwetu seri haina tarehe, inafika siku mega zinapatikana. Nitasimulia mambo mengi ya ndani, kwa hiyo mwenye hataki kujua aangalie kwanza, kisha asome.

Squid Game wengi mnaijua: watu 456 wenye madeni wanafungiwa kwenye kisiwa, wanacheza michezo ya watoto, mwenye kushindwa anauawa, na mwenye kubaki wa mwisho anachukua miliari 45,6 za won. Tunamfuata Gi-hun, mtu wa kamari aliyepoteza kazi kiwandani. Mimi nilimwangalia zaidi rafiki yake wa utoto, Sang-woo. Huyu njo mwenzetu. Mama yake anauza samaki sokoni, na yeye ni sifa ya mtaa mzima: alisoma Chuo Kikuu cha Taifa cha Seoul, chuo ambacho Mkorea akikitaja hahitaji kuongeza neno. Mama anawaambia wateja kwamba mtoto wake yuko ngambo kwa kazi. Kumbe mtoto alikula pesa za wateja wa kampuni, akazipoteza kwenye biashara ya soko la fedha, na duka la mama pamoja na nyumba vyote ameviweka rehani. Kwa mtu aliyesomeshwa na familia iliyouza shamba au mbuzi, hiyo hadithi haihitaji tafsiri.

Sasa angalia mchezo wa pili. Kila mchezaji anachagua umbo moja kati ya manne: duara, pembetatu, nyota na mwavuli. Hawajaambiwa mchezo ni gani. Msichana mmoja alichungulia usiku akaona walinzi wanayeyusha sukari, na Sang-woo, kwa akili yake, anaelewa: watapewa peremende nyembamba ya sukari, na wataambiwa watoe umbo bila kulivunja. Mwenye pembetatu ana nafasi. Mwenye mwavuli karibu amekufa. Anaona Gi-hun anaelekea kwenye mwavuli. Anafungua kinywa kumwita, kisha anakifunga.

Hakuna damu pale, hakuna bunduki. Ni sekunde tatu hivi. Kwangu ni pabaya kuliko mauaji yote ya seri ile, juu ni pale mtu anafanya hesabu: nikimwambia, nafasi yangu inapungua. Baadaye, kwenye mchezo wa gololi, atamdanganya Ali, Mpakistani mwenye kumheshimu kama kaka, na tutalia wote. Lakini kazi ilikuwa imeshafanyika pale kwenye mwavuli. Aliyeandika seri, Hwang Dong-hyuk, hakumpa Sang-woo sura ya shetani. Alimpa koti, miwani na diplome.

Tupite Chernobyl, na hapa nitakaa zaidi, juu ndani yake kuna mambo ya kujifunza hata kwa mtu mwenye hakufanya fizikia.

Ni episodi 5 tu, za 2019. Usiku wa tarehe 26 Aprili 1986, mtambo namba 4 wa nyuklia ulilipuka katika Ukraine, wakati huo ikiwa ndani ya Umoja wa Kisovyeti. Wengi wanadhani mtambo ulilipuka juu watu wa zamu walicheza na mashini. Walifanya makosa, ndiyo. Walikuwa wanafanya jaribio lililochelewa saa nyingi, likaangukia mikononi mwa zamu ya usiku isiyokuwa imeandaliwa, na nguvu ya mtambo ilikuwa imeshuka chini kuliko ilivyopangwa. Lakini sikiliza jambo la pili.

Mtambo wa nyuklia unazuiwa kwa fimbo. Fimbo zina boroni, na boroni inanyonya nyutroni, zile chembe zenye kuendesha moto wa nyuklia. Ukizishusha zote, mtambo unazima. Kulikuwa na kifungo kimoja cha kuzishusha zote kwa dharura, kinaitwa AZ-5. Sasa, katika mitambo ya aina ile, mwisho wa chini wa fimbo ulikuwa na kipande cha grafiti, na grafiti inafanya kinyume cha boroni. Kama fimbo zimepandishwa juu sana na ghafla unazishusha, kile kipande kinasukuma maji yaliyoko chini ya mtambo, na kwa sekunde chache nguvu inapanda kabla ya kushuka. Fikiria gari lenye breki ambayo, ukiikanyaga katika mteremko mkali, inaongeza mwendo kwanza. Watu wa zamu walibonyeza kifungo cha kuzima. Kikawa kama kiberiti.

Na hilo lilijulikana! Mwaka 1983, katika mtambo wa Ignalina kule Lithuania, majaribio yalionyesha ile tabia ya fimbo. Mwaka 1975 mtambo wa aina hiyohiyo karibu na Leningrad ulikuwa umepata ajali. Makaratasi yaliandikwa, yakasomwa na wakubwa, yakalala. Leonid Toptunov, kijana aliyekuwa kwenye meza ya kuendesha mtambo usiku ule, alikuwa na miaka 25. Ametoka chuo si zamani, ana miezi michache tu kwenye ile nafasi. Mkubwa wake anamwambia endelea. Alikufa katikati ya Mei, wiki tatu hivi baadaye, kwa mionzi. Kila nikiangalia ile episodi ya mwisho, macho yangu yako kwake: mtu wa umri wetu, na kitabu cha maelekezo mkononi, akiambiwa afanye kitu ambacho masomo yake yanamwambia hakiko sawa, na tena hajui kwamba hata kitabu chenyewe kimeficha jambo.

Kuna pia ile namba: 3,6. Mara baada ya mlipuko wanapima mionzi, kipimo kinaonyesha rentgeni 3,6 kwa saa. Namba inaandikwa kwenye ripoti, ripoti inapanda kwa shefu, shefu anaipandisha Moscow. Kila mtu anasema si nzuri lakini si mbaya sana. Shida ni kwamba kile kipimo kilikuwa kinaishia 3,6. Hakikuweza kuonyesha zaidi. Ukweli ulikuwa juu mara maelfu. Mtu wa kwanza alijua kwamba sindano imegonga mwisho. Wa tatu hakujua tena, yeye aliona namba tu, iko safi, imeandikwa kwa mashini.

Aliyepitisha staji biro yoyote anaijua hii hali kwa ukubwa mdogo. Unatumwa uwanjani kuhesabu kaya, au visima, au wagonjwa. Unarudi na namba. Mkubwa anaiangalia, anakuuliza taratibu: una hakika? Unajua anataka nini. Kontra yako ni ya miezi mitatu na itaongezwa na yeye. Hakuna mwenye kukutisha, tena anaweza kukuletea soda. Na ukikubali, namba yako inapanda ngazi, na kule juu itakuwa ukweli.

Lakini kuna mahali seri ya Chernobyl inatudanganya na sisi, na ni vizuri kupajua. Mwishoni, mwanasayansi Valery Legasov anasimama mahakamani, anaeleza yote mbele ya majaji, pamoja na siri ya fimbo, na anaharibu maisha yake kwa ajili ya ukweli. Nzuri sana kuangalia. Ila haikufanyika. Kesi ilikuwa 1987, na Legasov hakuwepo kabisa. Yule mwanamke Ulana Khomyuk mwenye kumsukuma aseme hakuishi, aliundwa kusimama mahali pa wanasayansi wengi, na seri yenyewe inakiri hivyo mwishoni. Legasov wa kweli alikwenda Vienna Agosti 1986, akasoma ripoti ndefu mbele ya wataalamu wa dunia. Walimsifu kwa uwazi wake, na kweli alisema mengi. Lakini uzito aliuweka kwa watu wa zamu, na ubovu wa zile fimbo haukuwekwa mezani ulivyostahili. Mwaka 1992 tu njo wataalamu wa shirika la nyuklia la kimataifa walitoa ripoti nyingine iliyoweka uzito mkubwa zaidi kwenye namna mtambo ulivyojengwa. Legasov alikuwa ameshajiua Aprili 1988, akiacha sauti yake kwenye kaseti.

Kwa nini mwandishi alibadilisha? Juu sinema inahitaji mahali pamoja na siku moja. Mimi naona Legasov wa kweli anatufaa zaidi. Yule wa mahakamani ni shujaa, na shujaa ni rahisi kumpigia makofi kisha ukalala. Yule wa Vienna alisema nusu. Ni nusu gani unasema, nani anaumia na ile nusu nyingine, na unaishi nayo namna gani: hayo ndiyo maswali yenye yatatukuta sisi. Hakuna mtu atatuita mahakamani kwa hotuba. Tutaitwa kutia sahihi chini ya ripoti Ijumaa jioni.

Country Queen nitaisema kwa ufupi, si kwa sababu ni ndogo. Ilitoka 2022, episodi 6, seri ya kwanza ya Kenya kutangazwa na Netflix kama yake. Akisa anapanga sherehe Nairobi, anarudi kijijini kwao akakuta kampuni ya madini inataka ardhi ya watu. Na mpenzi wake wa mjini ni mume wa mwanamke anayeongoza ileile kampuni. Kama hadithi, inakwenda polepole na kuna mapenzi mengi kuliko nilivyohitaji. Lakini masikio yanafurahi: Kiswahili, Kikamba na Kiingereza vinachanganyika kama watu wanavyoongea kweli, na kwa mara moja hausomi maandishi chini ya picha.

Kilichonigusa ni karatasi. Kampuni inakuja na makaratasi, na mwanakijiji anaambiwa atie kidole. Hapa kwetu, iwe Kolwezi, Kamituga au Rubaya, karatasi inakuja kwa Kifaransa, na mwenye kuisomea familia ni yule mtoto aliyesoma. Baba anamwuliza: wamesema nini? Mle ndani kuna mstari mmoja mbaya. Huyo mtoto pengine ameahidiwa kazi na kampuni, na nyumbani wanaingoja ile kazi kuliko yeye mwenyewe. Seri haikuliingia jambo hilo kwa undani, na natamani mtu wa Kivu au Katanga aandike yake, juu hadithi tunazo.

Kwa wenye mega kidogo: msianze na Squid Game yote, msimu wa kwanza unatosha, hiyo mingine miwili inarudia mengi. Chernobyl mnaweza kugawana, mmoja anapakua, wengine mnapokea kwa Xender. Na mkifika episodi ya 5, pale Legasov anapoeleza kwa vibao vyekundu na vya buluu, simamisheni kidogo mwambie mtu wa polytechnique awaeleze tena. Sisi tulifanya hivyo, ikachukua saa nzima, na hakuna aliyeomba turudi kwenye mpira.