Mzoga wa Panya Hauna Budi Kunuka

Kila niitwapo kulitazama ghala au duka la mtu, iwe Kariakoo au katika vichochoro vya Mji Mkongwe, sijapata hata kuinama kuchungulia nyuma ya magunia huulizwa swali lile lile: ni dawa gani ya panya ambayo akila hanuki? Swali limezagaa kwa kuwa wachuuzi wapitao na vipaza sauti hunadi vipakiti vyao kwa ahadi hiyo, kwamba panya akiila hushikwa na kiu, akatoka nje kutafuta maji, akafia huko. Ama akifia ndani, hukauka kama ng'onda. Ahadi hiyo ni ya uongo, nami sitamung'unya maneno, maana wanaoiamini hupata hasara ya mali, na wengine hasara ya roho.

Uvundo ni kazi ya bakteria walao nyama iliyokufa, nao hawajali nyama hiyo iliuawa kwa sumu, kwa mtego au kwa uzee. Itikadi ya kwamba mzoga hukauka imepata nguvu kwa sababu kipanya mdogo wa nyumbani, ambaye aghalabu hazidi gramu 30, akifia darini chini ya bati lililochomwa na jua la pwani, huweza kukauka kabla harufu yake haijawafikia wenye nyumba, nao wakaipa sumu sifa ambayo kwa haki ni ya jua; lakini panya mkubwa wa darini, apataye hata gramu 200, atanuka siku nyingi, utake usitake. Na hiyo habari ya kiu, panya mgonjwa hujificha tunduni mwake kama afanyavyo mnyama yeyote aliyedhoofika, wala haielekei atoke nje kutafuta maji maadamu ndani ya nyumba mna bomba livujalo na ndoo isiyofunikwa.

Kibaya zaidi ni kile kilichomo. Vipakiti hivyo havina namba ya usajili wala jina la kemikali, na mara nyingine ni chenga za viuatilifu vya shambani vya jamii ya kabameti, ambavyo huvuruga mishipa ya fahamu ya mtoto, ya kuku na ya paka kama vile ya panya. Tena ukali wenyewe ni kasoro. Panya huhofu kila kitu kipya, hukionja kidogo kidogo, kwa kuwa hakuumbwa na uwezo wa kutapika. Sumu ikimwumiza papo hapo bila ya kumwua, huikumbuka ladha yake wala hairudii. Ndiyo sababu sumu iitwayo wafarini, iliyoanza kuuzwa kwa kazi hii mwaka 1948, ilifaulu kwa upole wake: huua baada ya siku kadhaa, panya asijue kilichomdhuru, na mtu akiila kwa bahati mbaya hospitali ina vitamini K ya kumtibu.

Mfanyabiashara mmoja wa nafaka alinionyesha kwa fahari sahani ya sumu aliyoitega, na hatua mbili kutoka hapo, nyuma ya gunia la mchele, bomba la maji lilipenya ukuta kwa tundu la kutosha vidole viwili, kingo zake nyeusi na zenye kung'aa kwa mafuta ya manyoya ya panya waliopita hapo usiku kwa usiku. Jike hubeba mimba kwa takriban siku 22 na huzaa watoto sita, saba, au zaidi. Ni sahani ngapi zitakazolishinda tundu hilo?

Basi zibeni. Tundu la milimita 6 humtosha kipanya, kwa hiyo shindilieni waya wa chuma wa kusugulia sufuria kisha mpige saruji, mtie wavu wa chuma kwenye mwanya baina ya ukuta na paa, bati chini ya mlango, mkate matawi ya mwembe yaegemeayo nyumba. Magunia yawekwe juu ya chaga, mbali na ukuta, unga katika pipa lenye kifuniko, taka zisilale. Mitego itegwe kandokando ya ukuta, chambo nazi ya kuchoma au dagaa, na kwa panya wakubwa iachwe siku chache bila kufyatuka ili waizoee. Sumu, ikiwa hapana budi, iwe iliyosajiliwa, ndani ya kisanduku kilichofungwa.

Na aliye na uvundo darini hivi sasa, asinunue manukato. Avae glavu, afungue dari, autie mzoga ndani ya mfuko na kuuzika, kwani viroboto huukimbia mwili uliopoa wakatafuta damu nyingine, na viroboto wa panya ndio walioeneza tauni Lushoto tangu mwaka 1980. Kinyesi asikifagie kikavu. Akiloweshe kwanza kwa maji yenye klorini, na mikono yenye michubuko isiguse mkojo wa panya, ambao huleta homa ya mgunda, ile iliyoua watu Ruangwa mwaka 2022. Kisha, kabla ya kushuka, alitafute tundu alilopitia panya yule.