Utangulizi: Kupima Mzunguko wa Maji na Hewa kwa Kompyuta

Kutoka Nyakasanza mjini Bunia hadi ufuko wa Kasenyi, ardhi inashuka zaidi ya mita 600. Bunia iko juu ya uwanda, Ziwa Albert liko chini bondeni, na kati yao umesimama ukingo wa Bonde la Ufa. Upepo unaovuka ukingo huo haushuki umenyooka. Tabaka lake la chini linazuiwa na mawe na miti, la juu linapita mbio, na tofauti hiyo huzaa mizunguko ya hewa. Kwa mvuvi wa Kasenyi au Tchomia aliye ndani ya mtumbwi, hilo ni jambo la uhai. Kitabu hiki kinafundisha namna ya kuikokotoa mizunguko hiyo. Kimeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi wa Bunia aliyesoma hisabati ya mwaka wa kwanza wa chuo na mwenye kompyuta ya kawaida. Karibu.

Kipimo chetu kinaitwa votisiti. Misingi yake ya kihisabati iliwekwa na Hermann von Helmholtz mwaka 1858. Jambo la kwanza la kushika ni kwamba votisiti hupima jinsi maji au hewa inavyojizungusha katika kila nukta. Haipimi umbo la njia inayopitwa. Chukua vijiti viwili, vifunge msalaba, viweke juu ya mto ulionyooka. Tuseme maji ya ukingoni yametulia, na mwendo unaongezeka sawasawa hadi mita 1 kwa sekunde ukifika mita 2 kutoka ukingo. Msalaba utateremka umenyooka huku ukijizungusha. Votisiti hapo ni 1 gawanya kwa 2, yaani 0.5 kwa sekunde; msalaba hujizungusha kwa nusu ya kiasi hicho, na hukamilisha mzunguko mmoja kwa takriban sekunde 25. Kinyume chake, maji yanayozunguka tundu la beseni yanaweza kuchora duara kamili na bado, nje kidogo ya kitovu, votisiti yake ikawa karibu sifuri.

Katika nafasi ya pande tatu votisiti ni vekta. Kila sehemu yake ni tofauti ya mabadiliko mawili: kwa mhimili wa wima, tunachukua jinsi mwendo wa kaskazini unavyobadilika tukielekea mashariki, tunatoa jinsi mwendo wa mashariki unavyobadilika tukielekea kaskazini. Tukishapata sehemu zote tatu, ukubwa wake ni kipeuo cha pili cha jumla ya vipeo vya pili vya sehemu hizo:

|ω| = √(ωx² + ωy² + ωz²)

Kompyuta haioni mwendo mahali pote. Inaujua kwenye nukta za gridi tu. Kwa hiyo inachukua thamani ya jirani wa kulia, inatoa ya jirani wa kushoto, na kugawanya kwa umbali uliopo kati yao. Ugumu wote wa fani hii umekaa katika mgawanyo huo. Ikiwa kila thamani ya mwendo ina kosa la sentimita 1 kwa sekunde, na nukta zimeachana sentimita 10, kosa la tofauti moja linaweza kufika 0.1 kwa sekunde. Ukisogeza nukta karibu zaidi bila kuboresha data, kosa linakua. Ukizitawanya mno, kizunguko kidogo kinapita katikati yake bila kuonekana.

Ukubwa wa votisiti pia unaficha mambo. Kwanza, unapoteza ishara: haukuambii kama hewa inazunguka kwa mwelekeo wa saa au kinyume chake. Mtabiri wa hali ya hewa hawezi kuikosa ishara hiyo, ndiyo maana huitunza sehemu ya wima peke yake. Pili, kwenye kuta ukubwa huwa juu hata pasipo kizunguko, kwa sababu maji yanayogusa ukuta husimama na ya pembeni hukimbia. Mhandisi anayechunguza turbini ya mtambo wa umeme wa maji, kama ule wa Budana kwenye mto Shari, akichora ukubwa wa votisiti ataona kuta zimewaka na kizunguko anachokitafuta kimefunikwa. Hunt, Wray na Moin walipendekeza mwaka 1988 kigezo cha Q, kinacholinganisha kujizungusha na kunyumbuka. Tutakisoma katika sura ya nne.

Mahali tulipo panatupa fursa ya pekee. Dunia yenyewe, kwa kujizungusha, huchangia votisiti kwa hewa yote, lakini mchango wake wa wima hupungua kadiri unavyokaribia Ikweta. Bunia, iliyo karibu nyuzi 1.6 kaskazini, inapata takriban sehemu 4 kwa milioni kwa sekunde. Zanzibar inapata kama 16. Vimbunga vikubwa vya bahari huhitaji mchango huo ili kuanza. Zanzibar ilipigwa na kimbunga mwezi Aprili 1872, na kimbunga Kenneth kikaipiga Cabo Delgado, Msumbiji, mwezi Aprili 2019. Huku kwetu vimbunga vya aina hiyo havizaliwi. Mizunguko utakayoikokotoa hapa imetokana karibu yote na milima, joto na msuguano wa mahali penyewe.

Anza na mtiririko ambao jibu lake unalijua. Maji yanayozunguka kwa pamoja kama kitu kigumu lazima yatoe votisiti mara mbili ya kasi yao ya kuzunguka, kila mahali. Kisha jaribu mtiririko wa Taylor na Green wa mwaka 1937: ukipunguza umbali wa nukta kwa nusu, kosa lishuke hadi robo. Lisiposhuka, programu yako ina hitilafu; irekebishe kabla ya kuigusa hewa ya Ziwa Albert. Na kila utakapoandika ukubwa wa votisiti, andika pia umbali kati ya nukta zako na njia uliyotumia kukokotoa. Namba isiyo na hayo mawili usiipokee, hata ikitoka kwenye kompyuta kubwa kuliko zote.