Kijiji Kilichoachwa Nyuma: Uhawilishaji wa Mipango ya Afya ya Uzazi kwa Familia za Wahamiaji

Makala haya yanajadili namna mpango wa afya ya uzazi uliofanikiwa katika nchi moja unavyoweza kuzifaa familia zilizohamia nchi nyingine. Mipango mingi ya aina hii katika ukanda wetu imejengwa juu ya kijiji. Nchini Rwanda, kwa mfano, wahudumu wa afya ya jamii, ambao mpango wao ulianza mwaka 1995, huchaguliwa na wanakijiji wenzao. Mhudumu hujua nani ana mimba kwa kuwa ni jirani, na husikilizwa kwa kuwa alichaguliwa.

Familia iliyohama imekiacha kijiji hicho nyuma. Kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo; mwaka 2015 ikapokea Warundi kwa maelfu. Majirani wapya hawakuwa na lugha moja wala historia moja. Mwongozo wa Kiswahili Sanifu haumfikii mama anayezungumza Kirundi pekee. Hata kwa Mkongomani mwenye Kiswahili chake, “ujauzito” wa vitabuni unaweza kuwa mgeni kuliko “mimba” ya nyumbani.

Hoja yetu ni kwamba kutafsiri mwongozo hakutoshi. Ni lazima ule ujirani uliouwezesha mwongozo kufanya kazi ujengwe upya. Viwango vya kitabibu vibaki vilevile, likiwemo pendekezo la Shirika la Afya Duniani la mwaka 2016 kuwa mjamzito aonane na wahudumu angalau mara nane, mara ya kwanza ikiwa ndani ya wiki 12 za mwanzo. Yanayohitaji kubadilishwa ni mambo matatu.

Kwanza, kila jamii ya wahamiaji ijichagulie wahudumu wake. Pili, mafunzo yasichukulie kuwa yupo mama, mkwe au shangazi wa kumtunza mzazi baada ya kujifungua. Huenda wote walibaki ng’ambo ya mpaka. Tatu, kadi ya kliniki isomeke pande zote mbili. Mama aliyewahi kujifungua kwa upasuaji, ambaye kadi yake imepotea au imeandikwa kwa lugha asiyoijua mkunga, anaweza kuachwa ajifungulie mbali na hospitali, ilhali kovu la kizazi linaweza kupasuka wakati wa uchungu.

Kwa washauri wa sera, pendekezo letu ni moja: bajeti itenge muda na fedha za uchaguzi wa wahudumu kabla ya kuchapisha vipeperushi.