Binti Aliyeuliza Mara Mbili

Hebu simama uani jua likiwaka. Kipitishe kivuli chako juu ya mtungi wa maji. Mtungi umetikisika? Wapi! Kivuli hakina mkono, hakina uzito. Kitausukumaje mtungi?

Shika hapo hapo, mwanangu. Zamani huko Ulaya alikuwapo binti mfalme, Elisabeth wa Bohemia. Baba yake alinyang'anywa ufalme Elisabeth akiwa mchanga, wakaishia ukimbizini Uholanzi. Alipenda kusoma mno, hata ndugu zake wakamtania kwa kumwita Mgiriki.

Mwaka 1643, akiwa na miaka 24, alimwandikia barua René Descartes, Mfaransa mwenye sifa kubwa. Descartes alifundisha kwamba mwili unashikika, roho haishikiki, na roho ndiyo inayouongoza mwili.

Tuiache barua yenyewe iseme: "Mimi ni karatasi tu, lakini nilibeba swali zito. Kama roho haina mkono wala uzito, inausukumaje mwili?"

Umeona? Kivuli na mtungi!

"Descartes akajibu?" Alijibu, tena kwa adabu. Akasema: fikiria uzito wa jiwe. Jiwe huporomoka, na hakuna mkono unaolisukuma.

"Elisabeth akaridhika?" Hakuridhika! Akaandika tena: kwake ilikuwa rahisi zaidi kukubali kwamba roho nayo ina umbo, kuliko kukubali kwamba kisicho na umbo kinausukuma mwili. Hapo ndipo ninapompenda. Kuuliza tena, mkubwa akishajibu, kunataka moyo.

"Descartes akakasirika?" Hata kidogo. Mwaka 1644 alitoa kitabu chake kuhusu kanuni za falsafa, akamtunukia Elisabeth. Wakaandikiana mpaka Descartes alipofariki, mwaka 1650.

"Na barua zikaenda wapi?" Swali zuri hilo, nakupongeza! Za Descartes zilichapishwa mapema. Za Elisabeth, mwenyewe alikataa. Nakala zake zikalala kimya, zikalala, zikalala, hadi zilipokutwa katika ngome ya Rosendael, Uholanzi. Zilichapishwa mwaka 1879. Miaka yote ile watu walisoma majibu bila maswali, kama wewe unapomsikiliza mama akiongea na simu: "Ndiyo... hapana... eti nini?" Unabaki kubahatisha aliye upande wa pili.

"Sasa mjomba, jibu ni lipi?"

Wenye elimu wangali wanabishana. Hebu inua mkono wako. Juu kabisa. Haya, umeinuka. Sasa niambie, umeuinuaje?