Usikimbie hesabu kwa woga: namna ya kumpangia mdogo wako hesabu toka ya saba mpaka Exetat



Mdogo wangu alimaliza kalasi ya nane mwaka jana. Siku chache kisha TENASOSP, jioni tukiwa tunachambua maharagi, akaniambia: «Yaya, mimi nishachagua. Naenda mu Pédagogie. Kule hesabu haiko mingi.» Nikamuuliza: «Na kisha masomo, unataka kazi gani?» Akajibu bila kuwaza: «Dokteri.»

Sikucheka, juu maneno ile ile niliisema mimi mwenyewe nikiwa na umri wake. Leo niko na lisansi ya agronomia, lakini niliifikia kwa kulipa mwaka mmoja zaidi. Ndiyo maana naandika. Wengi wetu hapa tuko na wadogo, wapwa ao watoto wa jirani wenye wanatuuliza ushauri, na mara nyingi tunawajibu mbio mbio: «Chagua yenye unapenda.» Jibu hilo halitoshi. Hesabu inahitaji kupangwa, na mpango unaanza mapema kuliko vile tunazania.

Kwanza, mambo yaliyonipata mimi

Nilichagua Pédagogie générale kwa sababu moja tu: kukimbia hesabu. Pédagogie yenyewe si mbaya. Mwenye anataka kufundisha watoto, ile ndiyo njia yake, na nchi inamuhitaji sana. Ubaya ulikuwa sababu yangu. Nilipata diplome d'État, nikajiandikisha agronomia juu nilipenda mashamba. Hakuna mtu aliyenizuia mlangoni.

Mwaka wa kwanza, prof wa hesabu aliingia, akasema derive mutaipitia haraka kwa kuwa muliisoma sekondari. Wenzangu waliotoka Scientifique walikuwa wanapiga miayo. Mimi nilikuwa naandika kila kitu bila kuelewa hata mustari mmoja. Chemia ikaleta logaritimi, fizika ikaleta vekta. Matokeo yalipobandikwa ku valve, nilianguka. Sesio ya pili, nikaanguka tena. Mama aliuza ng'ombe ili nirudilie mwaka. Hakunisema hata neno moja, na ile ndiyo iliniumiza zaidi.

Kwetu, sheria inaweza kukuacha uingie fakilte fulani na diplome ya sekisioni yoyote, lakini hesabu yenye haukusoma inakungojea pale ndani. Fakilte zingine, kama zile za uinjinia, zinakungojea hata mbele ya mlango, na konkuri.

Njia inakatika wapi?

Kwa wenye hawafuate tena mambo ya shule: kisha miaka sita ya primere, mtoto anafanya ya 7 na ya 8. Pale hesabu ni moja kwa wote. Kisha ya 8, anachagua sekisioni na kuingia miaka minne ya humanités, mpaka Exetat. Kwa hiyo uamuzi mkubwa wa hesabu unafanywa na mtoto wa miaka 13 ao 14. Jina la TENASOSP lenyewe linasema ni ya kuchagua na kuelekeza, lakini katika familia nyingi zenye najua, mtoto anaelekezwa na mambo tatu: shule iko karibu, rafiki anaenda wapi, na hesabu iko kidogo wapi.

Kutoka sekisioni yenye hesabu mingi kwenda kwenye hesabu kidogo ni rahisi, hata katikati ya njia. Kurudi ni ngumu sana. Kisha mwaka mmoja ao miwili, wenzako wamekwisha jenga juu ya vitu vyenye wewe haukuona. Basi kama mtoto hajajua vizuri anataka nini, afazali akae mahali penye milango mingi ingali wazi.

Hatua ya kwanza: anza na mwisho

Usianze na swali «hesabu iko ngumu?» Anza na «kisha diplome, anataka kuingia wapi?» Halafu uangalie fakilte ile inatumia hesabu gani.

Polytechnique na fizika: karibu yote, tangu trigonometria mpaka integrale na namba komplekse. Informatike: mantiki, fonksio, na hesabu zote za msingi bila kilema. Uchumi: derive na statistiki. Udaktari na famasi: chemia na fizika vinadai logaritimi na uwiano, kisha kuna biostatistiki. Sheria na lugha: hesabu kidogo, lakini hakuna avoka mwenye hataki kujua kugawanya uriti kwa fraksio.

Na agronomia? Watu wanazania ni jembe tu. Niwape mfano wa kazi yangu. Mama mmoja ana shamba la metre 40 kwa 25. Hiyo ni metre kare 1.000, sehemu ya kumi ya ekitari. Anataka kupanda mahindi, sentimetre 75 kati ya mistari na 25 kati ya mimea, mbegu moja kila shimo. Kila mmea unachukua 0,75 × 0,25, ni 0,1875 ya metre kare. Gawanya 1.000 kwa hiyo: mimea karibu 5.333. Sasa mbolea. Tuseme tunataka azoti kilo 60 kwa ekitari, na mufuko ni NPK 17-17-17. Azoti ndani yake ni asilimia 17, basi 60 ÷ 0,17 ni karibu kilo 353 kwa ekitari. Kwa shamba lake, kilo 35 na kidogo. Ukikosea uwiano, ni pesa ya mama ndiyo unamwaga chini.

Hesabu yote ile ni ya kalasi ya 8. Lakini nikimweleza kwamba udongo wa pH 5 una asidi mara kumi kuliko wa pH 6, siyo «kidogo zaidi», pale niko natumia logaritimi ya mwisho wa humanités. Na kujua kama mbegu mpya imeshinda ya zamani kweli, ao ni bahati ya mvua, ile ni statistiki. Zote mbili zilinitesa mwaka wa kwanza.

Hatua ya pili: tafuta shimo, usitafute pointi

Biletini inasema «8 kwa 20». Haisemi juu ya nini. Mwanafunzi naye anasema «hesabu haiingie mu kichwa». Hiyo pia haisemi kitu.

Kwa mdogo wangu, nilichukua karatasi nikaandika maswali 12: ine za fraksio, tatu za alama ya kutoa, tatu za ekwasio, mbili za uwiano. Nikamwambia hakuna pointi, hakuna mtu ataona. Alipata tano. Lakini angalieni makosa yake:

1/2 + 1/3, aliandika 2/5.
−3 − 5, aliandika 8.
x + 7 = 3, aliandika x = 4.

Kosa la tatu linafanana na la ekwasio, lakini namna ya kutatua alikuwa anaijua! Alijua 7 inavuka upande wa pili. Alishindwa tu na 3 − 7. Kati ya makosa saba, sita yalitoka kwa mashimo mawili: kujumlisha fraksio, na namba zenye kuwa chini ya zero. Vitu vya primere na ya 7. Kwa miaka miwili alikuwa anaitwa mwenye hana kichwa cha hesabu, juu ya mashimo mawili. Na kwa binti, watu wanaongeza: «Hesabu ni ya vijana wanaume.» Basi anaamini, na kila muhula anazidi kuogopa.

Tulifanya dakika 40 kila siku, siku tano kwa juma, majuma sita ya vakanse. Ukipiga hesabu ni saa 20. Linganisha na mwaka mzima wa kurudilia kalasi, na minervali yake. Bure ya masomo yenye ilianza mwaka 2019 ni ya primere. Sekondari wazazi wangali wanalipa.

Hatua ya tatu: jua kila mwaka unabeba nini

Programu ina mambo mengi, lakini kwa kupanga, shika hivi:

Ya 7 na ya 8: namba zenye kuwa chini ya zero, fraksio, uwiano, herufi mahali pa namba, ekwasio nyepesi, jometri. Hapa ndipo mashimo mengi yanachimbwa. Mwanafunzi asivuke bila kufanya vitu hivi bila kalkilatrisi.

Ya kwanza na ya pili humanités, Scientifique: polinomi, ekwasio za digri ya pili, sistemu, fonksio, vekta, trigonometria. Mwenye kukariri fomula tu hapa anaweza kupita, lakini atalipa mbele.

Ya tatu: limiti na derive. Derive yenyewe si ngumu. Chenye kinaangusha watu ndani yake ni fraksio na fonksio za miaka ya nyuma.

Ya ine: integrale, logaritimi, eksponenti, namba komplekse, na matayarisho ya Exetat.

Sekisioni zingine ziko na hesabu yao pia. Commerciale et gestion inabeba hesabu za faida na mkopo, na kwa mwenye atafanya biashara ao benki hiyo ni silaha nzuri. Lakini akitaka uchumi ku iniversite, aongeze derive yeye mwenyewe.

Neno juu ya shule. Mbele ya kulipa enskripsio, muulize prefe swali moja: «Prof wa hesabu wa ya tatu na ya ine yuko, na ameshakaa miaka ngapi?» Kuna mahali sekisioni iko ku ubao wa mlango, lakini ndani prof wa hesabu anapatikana mwezi wa pili. Shule ya mbali kidogo yenye prof wa kweli inashinda shule ya karibu yenye rangi nzuri.

Na juu ya Exetat: maswali ni ya kuchagua jibu, ndiyo maana wengi wanaanza kukariri items mwezi wa ine ao wa tano, ama wanangojea majibu ku telefoni. Anza ya tatu, items kumi kila juma. Funika majibu, tatua kwanza, halafu funua. Ukichagua jibu bila kutatua, umejifunza kubahatisha. Diplome utapata pengine, lakini mwaka wa kwanza wa fakilte hakuna majibu ya kufunua.

Na kama ameshachagua vingine?

Kama yuko ya tatu ao ya ine katika sekisioni yenye hesabu kidogo, na moyo wake uko kwa agronomia ao udaktari, mambo hayajaharibika. Atafute vitabu vya Maîtriser les Maths. Namba ya kitabu inafuata hesabu ya zamani ya miaka ya sekondari: cha 3 ni cha ya kwanza humanités, mpaka cha 6 cha ya ine. Asianze na cha 6! Achukue cha 3 na cha 4, afanye mazoezi ya fonksio na ekwasio, kisha derive katika cha 5. Atafute mwenzake wa Scientifique wa kusoma naye siku ya mposho. Mimi ile njia niliifanya nikiwa nimekwisha anguka. Yeye aifanye mbele.

Na kama kweli hapendi hesabu, na kazi yenye anapenda haiidai, mumuache aende kwa amani. Kupanga si kusukuma kila mtoto Scientifique. Ni kuhakikisha kwamba anachagua kazi, siyo kwamba anakimbia fraksio.

Mdogo wangu alirudilia yale maswali 12 mwisho wa vakanse: akapata kumi. Yeye mwenyewe ndiye aliniambia anaenda Scientifique, mimi sikumlazimisha. Periodi ya kwanza alileta 11 kwa 20. Jirani akamwambia ni pointi kidogo. Yeye akafungua daftari ya enterro, akanionyesha: «Yaya, angalia, hapa nilikosea alama tu. Namna ya kutatua niliijua.»

Kwangu ile ilitosha. Mwaka jana alikuwa anasema hana kichwa. Leo anajua mustari gani alikosea.

Basi, wandugu: posho hii, mwite mdogo wako mmoja, umuombe daftari ya hesabu. Usiulize alipata ngapi. Uliza alikosea wapi.