Goma: Mikataba mifupi, bosi wa mbali

Kijana wa Goma mwenye diploma akipata kazi katika kampuni ya kigeni ya ushauri wa maendeleo, jamaa yote hufurahi. Mshahara ni wa dola na masomo ya watoto yatalipwa. Lakini punde si punde anajiuliza: bosi wangu ni nani hasa?

Kampuni hizo si mashirika ya msaada. Zinashindania miradi ya wafadhili kama Marekani, Uingereza ao Umoja wa Ulaya, kisha zinaajiri watu wa kuitekeleza. Mara nyingi uamuzi hutoka makao makuu. Goma ikiwa saa tatu ya asubuhi, Washington bado ni usiku. Mfanyakazi aliye Masisi anayehitaji ruhusa ya kukodi gari hungoja mpaka alasiri, kwa sababu kiongozi wa hapa hana haki ya kutia sahihi.

Kinachoumiza zaidi ni mikataba ya miezi mitatu, inayofanywa upya kila mara. Mfanyakazi akiuliza, anaambiwa mfadhili hajajibu.

Hatari yake ilionekana mwaka wa 2025. Tarehe 20 mwezi wa kwanza, Rais Donald Trump aliamuru misaada ya kigeni isimamishwe kwa siku 90. Wiki iliyofuata M23 iliingia Goma, benki zikafungwa. Tarehe 1 mwezi wa saba, USAID iliacha rasmi kusimamia misaada.

Wengi wanaamini kwamba mkataba mfupi ukiisha, hakuna cha kudai. Sheria ya kazi ya Kongo ya mwaka wa 2002 inasema vingine. Mkataba wa muda haupiti miaka miwili, na hufanywa upya mara moja tu, isipokuwa kwa kazi za msimu na nyingine chache. Ukipita hapo, unahesabiwa kuwa wa kudumu. Na mwenye mkataba wa kudumu hapewi barua leo aondoke kesho: anastahili taarifa ya siku 14 za kazi, na 7 zaidi kwa kila mwaka aliotumika. Miaka minne ni siku 42.

Mgogoro huanzia kwa mkaguzi wa kazi, kabla ya kufika mahakamani. Mshahara usiolipwa hudaiwa ndani ya mwaka mmoja. Ndiyo maana kila mkataba, hata wa miezi mitatu, unafaa kutunzwa nyumbani.