Gari la kasi linavyoozea uani msimu wa kusi, na namna ya kuliokoa

MVUA za masika zinapoanza na upepo wa kusi kushika nguvu, magari kadha ya kasi katika mitaa ya Likoni, Kisauni na Changamwe hufunikwa na kulazwa. Wenyewe ni mabaharia wanaorejea melini, watu walioajiriwa Dubai au Doha, na wengine wasiotaka kuona Subaru Impreza au Mitsubishi Lancer Evolution zao zikiogelea katika madimbwi ya Mei. Funguo huachiwa shemeji au kijana wa nyumbani. Baada ya miezi minne au sita mwenyewe hurudi, akafunua turubai, na kukuta breki zimeshikana, betri imekufa na kingo za milango zimeanza kuota kutu.

Zamani hasara ya namna hiyo ilikuwa na dawa, nayo ni kuagiza gari jingine kutoka Japani. Siku hizi sivyo. Kanuni za Kenya haziruhusu kuingizwa nchini kwa gari lililotumika ambalo limepita miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, na kampuni ya Mitsubishi iliacha kuunda Lancer Evolution karibu mwaka 2016. Hesabu ni rahisi: mlango huo umekwisha kufungwa. Impreza na WRX za aina ya STI nazo ziliachwa kuundwa kwa soko la Japani karibu mwaka 2020, kwa hivyo zamu yao haiko mbali. Magari yaliyompa Tommi Mäkinen ushindi wa Safari Rally mwaka 1996, na Colin McRae mwaka uliofuata, yanabaki kuwa yale yaliyomo nchini tayari. Likiozea uani Mtongwe, hakuna jingine la kulijazia pengo.

Maelezo mengi ya kuhifadhi gari yanayosomwa na vijana yaliandikwa Ulaya na Marekani, ambako gari hulazwa kwa sababu ya baridi. Huko adui ni maji yanayoganda katika injini na chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Pwani hakuna barafu. Chumvi ipo, tena haimwagwi na yeyote. Huletwa na upepo usiku na mchana, mwaka mzima.

Kutu ya chuma yahitaji maji na hewa. Chumvi huifanya kazi hiyo iende haraka, kwa kuwa maji yenye chumvi hupitisha umeme mdogo unaokula chuma. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kuwa gari halihitaji kunyeshewa ili lilowe. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 75, punje za chumvi ya kawaida hunyonya maji hewani zenyewe na kugeuka matone. Chumvi nyingine zilizomo baharini huanza kunyonya hata hewa ikiwa kavu kuliko hapo. Asubuhi nyingi za kusi Mombasa hupita kiwango hicho. Gari lililofungiwa gerejini likiwa na chumvi mwilini, basi, huloa kila usiku bila tone la mvua kuliangukia.

Hapo ndipo linapokuja suala la maji ya kuoshea, na ndilo kubwa kuliko yote. Maji matamu ya Mombasa hutoka mbali: chemchemi za Mzima na Marere, visima vya Tiwi na vile vya Baricho. Mifereji inapokauka, nalo ni jambo la kawaida katika mitaa ya bara, wakazi hugeukia visima vya uani, ambavyo vingi karibu na bahari vina maji ya chumvichumvi. Kumwagia gari maji hayo na kisha kulifunika ni afadhali kutolioga kabisa. Anayeosha atajua kwa ulimi wake, au kwa sabuni inayokataa kutoa povu. Ajabu ni kwamba masika yenyewe huleta dawa. Maji ya mvua yaliyokingwa kutoka paani hayana chumvi ya kutajika, mradi mvua ya kwanza iachwe ioshe mabati, maana huko juu kuna chumvi na uchafu wa kunguru. Pipa moja au mawili yatosha gari zima.

Kuosha kwenyewe kusiishie kwenye rangi. Mahali panapooza ni pale pasipoonekana: ndani ya mabawa ya magurudumu, juu ya vyuma vya kushikilia shokabu, katika vitundu vya chini ya milango ambavyo vikizibwa na matope huhifadhi maji kama mtungi. Vitundu hivyo vizibuliwe kwa kijiti. Palipochubuliwa na kokoto pasuguliwe na kupakwa rangi kabla ya gari kulazwa. Wapo mafundi wanaopuliza oili chafu chini ya gari ili kuzuia kutu. Oili hiyo huharibu mipira ya miguu ya gari na kunasa vumbi. Ni heri nta au dawa iliyotengenezwa kwa kazi hiyo.

Mahali pa kulaza gari nako kwataka busara. Turubai ya plastiki, ipendwayo kwa bei yake, hufungia mvuke ndani na kulipika gari juani. Kifuniko cha nguo inayopumua kilichowekwa chini ya paa ni bora zaidi, na banda la makuti lililo wazi kando huweza kulishinda chumba cha mawe kisicho na dirisha. Gari lisiwekwe chini ya mnazi, kwa sababu isiyohitaji maelezo, wala chini ya mwembe, ambao utomvu wake na vinyesi vya ndege na popo hula rangi. Kisauni na Changamwe kuna vumbi la viwanda na malori; likikutana na unyevu hugandamana, hivyo lioshwe kwa maji mengi, lisifutwe kwa kitambaa kikavu. Na sehemu za bondeni ziepukwe. Mvua za El Nino za Novemba 2023 zilionyesha jinsi barabara na nyua za Mombasa zinavyoweza kujaa maji katika muda wa saa chache.

Breki ya mkono isivutwe. Gari litiwe gia na kuwekewa kabari magurudumuni, la sivyo vyuma vya breki vitagandana. Kabla ya kulazwa baada ya kuoshwa, liendeshwe kidogo ili diski zikauke. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu: yale ya daraja la DOT 4 hutakiwa yakiwa mapya yasichemke kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishaingia maji kiwango kinachokubalika hushuka hadi 155. Kwa gari linalokwenda polepole hiyo ni tofauti ya karatasini. Kwa Evolution inayoteremka kutoka Mazeras ikifunga breki mara kwa mara, ni tofauti ya kusimama na kutosimama. Yabadilishwe kila miaka miwili, gari liwe limetembea au halikutembea.

Betri huishiwa na nguvu upesi zaidi katika joto, na kengele za wizi huinyonya pia. Ikiteremka chini ya volti 12.4 ichajiwe, ikiachwa tupu kwa majuma, haifufuki vizuri. Asiye na chaja ndogo ya kudumu aifungue waya wa hasi.

Oili ya injini ibadilishwe kabla ya gari kulala, si baada ya kuamka, kwani oili iliyotumika ina asidi na maji yanayokula vyuma, na tabo ndiyo huumia kwanza. Rejeta isijazwe maji ya kisima. Wengi husema Mombasa haina baridi ya kuhitaji dawa ya kuzuia kuganda, wakisahau kwamba dawa hiyohiyo huzuia kutu na kuchelewesha kuchemka. Mkanda wa injini katika Impreza za zamani na katika Evolution zilizotangulia ile ya kumi huzeeka kwa miaka hata bila kilomita. Ukikatika, vali hugongana na pistoni.

Kuna desturi ya kumwambia kijana wa nyumbani awashe gari dakika tano kila Jumamosi. Nia ni njema, matokeo ni mabaya. Injini haipati moto wa kutosha kukausha maji yanayozalika ndani yake, nayo hubaki katika oili na katika bomba la moshi. Ama gari liendeshwe nusu saa kila baada ya wiki mbili, kwa mfano kutoka Bamburi hadi Kikambala na kurudi, ama liachwe lilale. Atakayeliendesha akumbuke kwamba sheria ya bima, Sura ya 405, haitambui safari ya kupasha injini moto: gari likiwa barabarani lazima liwe na bima. Likilala kabisa, kijana akanyage klachi kila wiki na kulisukuma kidogo ili tairi zisiote bapa.

Siku ya kuamsha, boneti ifunguliwe kwanza kutafuta viota vya panya na nyaya zilizotafunwa. Fyuzi ya pampu ya petroli ing'olewe, starta izungushwe sekunde chache mpaka taa ya oili izimike, ndipo fyuzi irudishwe na injini iwashwe bila kuvuta mafuta. Petroli iliyokaa nusu mwaka na kubadilika harufu itolewe kabla ya hapo. Breki zijaribiwe uani, kwa mwendo wa mtu anayetembea, kabla gari halijapelekwa kwenye mteremko wa kivuko cha Likoni.